Binti Tena! Nani Alaumiwe?

Mama amejifungua binti wa nne. Mawifi wananuna: "Huyu hazai ila wasichana tu. Kaka, oa mwingine!" Umeshayasikia haya mtaani kwenu? Basi twende taratibu tuone sayansi inasemaje.

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili wako mna vijiuzi vyembamba viitwavyo kromosomu. Ndivyo vinavyobeba urithi. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu za mama, nusu za baba. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 1956 na wanasayansi Joe Hin Tjio na Albert Levan.

Maabara, kromosomu za seli inayojigawa hupigwa picha, kisha hupangwa jozi kwa jozi, kubwa hadi ndogo. Mpangilio huo huitwa kariotipu. Jozi ya mwisho ndiyo ya jinsia: kwa kawaida msichana ana X mbili, mvulana ana X na Y.

Sasa angalia. Yai la mama hubeba X tu. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Yai likipata X nyingine, ni binti. Likipata Y, ni mvulana. Ni kama kurusha shilingi: hata baada ya mabinti wanne, wa tano bado ni karibu nusu kwa nusu.

Kwa hiyo mama hana kosa. Baba je? Naye hachagui mbegu ipi ifike. Siku ukisikia tena maneno yale, usinyamaze. Chukua kalamu, wachoree hizo X na Y!