Betri ya Drili Haijai: Pima Kwanza Kabla Hujanunua

Ukitokea Mhunze halafu uko chuo, likizo huwa haina mapumziko kamili. Nyumbani wanajua nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, kwa hiyo kila kitu chenye waya kinaletwa kwangu. Siku hizi vinavyoongoza ni betri za drili. Mafundi seremala, wa aluminiamu na wa paa wamehamia kwenye mashine za betri, maana unaweza kufanya kazi hata pale umeme haujafika au umekatika. Malalamiko yao yanafanana: "Mwalimu, taa ya kijani inawaka, ila nikitoboa matundu mawili tu imeisha."

Kwa fundi hilo si jambo dogo. Wengi wana betri moja, wakizidi sana mbili. Ikigoma, mlango wa mteja unalala nusu na hela ya chakula inasubiri. Ushauri wa kijiweni nao ni wa aina mbili tu: nunua mpya, au "ishtue" kwa waya kutoka betri nyingine. Wa kwanza ni gharama ambayo pengine haihitajiki. Wa pili unaweza kuunguza karakana. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tuna mjomba, kaka au jirani wa aina hiyo, na pia kwa sababu laptop na simu tunazochaji hosteli zinatumia kemia hiyo hiyo ya lithiamu.

Tuanze na kilichomo ndani. Betri ya volti 18 kwa kawaida ina seli tano zilizounganishwa mfululizo. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa inafika 4.2. Zidisha kwa tano: 18 ni wastani, 21 ni betri iliyojaa. Ile iliyoandikwa 20 mara nyingi ni betri hiyo hiyo, imehesabiwa kwa kilele. Na usitishwe na lebo kubwa. Zipo betri za bei rahisi zimeandikwa 48 au 88, ukifungua unakuta seli tano zile zile.

Sasa hatua. Kanuni ni ile tunayowafundisha wanafunzi maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwanza, umeme wenyewe. Chaji simu kwenye soketi hiyo hiyo. Kama chaja ya drili inatumia inveta ya sola, ijaribu siku moja kwenye umeme wa kawaida. Inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao baadhi ya chaja hazipatani nao.

Pili, joto. Betri nyingi za lithiamu zinatakiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Fikiria karakana ya bati, saa nane mchana, mwezi wa kumi, Mhunze. Betri imetoka kutoboa mninga, inachomekwa hapo hapo ikiwa ya moto. Chaja nzuri itakataa mpaka ipoe, na fundi atasema imekufa. Chaja mbovu itaendelea tu, na betri itazeeka kabla ya wakati. Iache ipoe kivulini nusu saa. Ikiwezekana chaji asubuhi au jioni.

Tatu, vyuma vya mguso. Vumbi la mbao likichanganyika na jasho na mafuta linatengeneza utando. Futa kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo, acha pakauke. Usikwangue kwa kisu, unaweza kugusanisha chanya na hasi.

Nne, badilishana. Azima betri nyingine ya aina ile ile, uichaji kwa chaja yako. Kisha betri yako ichaji kwa chaja ya mwenzako. Betri ya kuazima ikijaa vizuri kwako, chaja yako ni nzima. Betri yako ikigoma kote kuwili, tatizo liko ndani yake. Kipimo hiki hakina gharama, ila chaja na betri lazima ziwe za aina moja.

Tano, pima. Multimita ya kawaida inatosha, iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu. Chaji mpaka taa ya kijani, acha betri itulie nusu saa, kisha pima. Ukipata kati ya 20.5 na 21, betri imejaa. Kama bado inaisha haraka, basi imezeeka: volti zinafika, lakini nafasi ya kuhifadhi chaji imepungua. Ukipata 19 na kitu, kuna kinachosimamisha chaji mapema. Ukipata 12 au chini, ama imekaa muda mrefu ikiwa tupu ama kuna seli iliyokufa.

Hiyo 19 ndiyo iliyonipata likizo iliyopita kwa mjomba, anayetengeneza milango na fremu. Multimita ilisoma 19.3 huku taa ikiwa kijani. Tulimpata fundi wa elektroniki akaifungua. Seli nne zilikuwa na 3.78 kila moja. Ya tano ilikuwa na 4.18.

Mjomba akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: "Si hiyo ya tano ndiyo nzima, maana ndiyo imejaa?" Kumbe ni kinyume. Chukua ndoo tano, zote zinajazwa kwa kasi moja. Moja ina mawe ndani. Hiyo yenye mawe itajaa kwanza, si kwa sababu ni bora, ila kwa sababu nafasi yake ni ndogo. Ndani ya betri kuna saketi ndogo ya ulinzi. Ikiona seli moja imefika mwisho inafunga bomba kwa zote, kwa sababu seli ya lithiamu ikizidishiwa inaweza kuwaka. Nazo nne zinabaki nusunusu. Wakati wa kutumia, ile yenye mawe inakuwa ya kwanza kuisha, na ulinzi unakata tena. Seli moja dhaifu inaibana betri nzima pande zote mbili.

Taa ya kijani je? Chaja nyingi rahisi haziangalii ndani. Zinaona mkondo umekatika, zinahesabu kazi imeisha. Haziwezi kutofautisha ndoo iliyojaa na bomba lililofungwa.

Mjomba hakununua betri mpya. Fundi alibadilisha seli zote tano kwa wakati mmoja, za aina moja, kwa hela pungufu ya bei ya mpya. Kubadilisha ile moja tu kungerudisha tatizo, maana seli mpya na nne za zamani zisingelingana. Kazi hii si ya kujaribia nyumbani: hata betri inayoonekana tupu ina nguvu ya kuyeyusha waya ukigusanisha ncha zake, na seli huunganishwa kwa mashine maalumu, maana joto la kulehemu kwa risasi linaziharibu.

Sasa lile la kuishtua. Betri iliyoshuka sana inakataliwa na chaja makusudi. Seli ikikaa imeshuka kupita kiasi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kujenga njia ya mkato ndani ya seli. Ukiilazimisha kwa waya itapokea, ni kweli, halafu inaweza kuwaka usiku umelala. Karakana ya seremala imejaa maranda.

Ushauri mwingine wa zamani, "itumie mpaka iishe kabisa ndiyo uchaji", ulikuwa na maana kwa betri za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu ni kuiumiza. Mashine ikianza kulegea, acha, chaji. Kama hutaitumia wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa nusu.

Lililonisumbua zaidi si betri. Mambo yote haya, mkondo, volti, muunganiko wa mfululizo, yamo kwenye fizikia ya sekondari. Ila tumeyasoma kwa Kiingereza, tukayajibu kwenye mtihani, yakaishia hapo. Maelezo kwenye boksi la chaja nayo ni Kiingereza na Kichina. Fundi anabaki na kijiwe. Sisi tunaoenda kufundisha tukishindwa kusema kwa Kiswahili kwa nini seli iliyojaa kwanza ndiyo mbovu, ina maana hata sisi hatujaielewa.

Mwisho, betri iliyokufa. Kwetu taka zinachomwa shimoni nyuma ya nyumba, na watoto wanacheza pale pale. Seli ya lithiamu kwenye moto inalipuka. Ziba ncha zake kwa utepe wa umeme, iweke mbali na jua na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi wa elektroniki anayekusanya seli. Ukienda likizo, hilo waambie nyumbani kabla hata hujaombwa kutengeneza chochote.