Sharubati ya ndimu na nanaa huanza na maji salama



Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Mpanda huwa kali. Waamini hutoka Misa ya pili wakiwa na kiu, na wanaoandaa mashamba hurudi nyumbani midomo imekauka. Kwenye sherehe za Kipaimara, Komunyo ya Kwanza na harusi akina mama huulizana: wageni watakunywa nini? Soda kwa watu wote ni gharama kubwa. Mwezi huu tumeona yafaa kueleza kinywaji ambacho familia yoyote inaweza kukitengeneza, yaani sharubati ya ndimu na nanaa. Katika hoteli za mijini watu hukitia pombe kali, kama Wakuba wanavyofanya huko Havana. Sisi hatuihitaji pombe hiyo. Ndimu na nanaa zinatosha kumburudisha mtu mzima, na mtoto naye aweza kunywa.

Faida ya ndimu

Matunda ya jamii ya ndimu yanajulikana katika Afrika Mashariki tangu zamani. Tarehe 7 Aprili 1498, mkesha wa Jumapili ya Matawi, merikebu za Vasco da Gama wa Ureno zilitia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wake wengi walikuwa wameugua kiseyeye, ugonjwa unaovimbisha fizi hata mtu asiweze kula. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mmoja wa wasafiri hao aliandika kwamba wagonjwa wao walipona hapo, naye akadhani ni kwa sababu ya hewa nzuri ya mji ule. Ilimpasa daktari Mskoti, James Lind, kufanya jaribio mwaka 1747 kwa mabaharia 12 wenye kiseyeye. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Leo tunajua kwamba dawa ilikuwa vitamini C iliyomo katika matunda hayo. Ndimu nayo inayo, ingawa limau na chungwa vinayo zaidi.

Ndimu haisafishi maji

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atusikilize kwa makini. Wako watu wanaosema, "Kamulia ndimu kwenye maji, vijidudu vyote vitakufa." Neno hili lina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo ni la hatari. Katika nchi ya Guinea-Bissau watafiti waliona wakati wa kipindupindu kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wao hawakuugua sana kama wengine. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2000. Kijidudu cha kipindupindu hakivumilii uchachu.

Lakini vipo vijidudu vingine vinavyouvumilia. Mayai ya amiba hupita salama katika asidi ya tumbo la binadamu, ambayo ni kali kuliko ndimu. Basi ndimu mbili katika ndoo ya maji ya kisima zitayafanyaje? Familia inayotegemea ndimu badala ya kuchemsha maji inajidanganya, na mara nyingi anayelipa deni hilo ni mtoto mdogo.

Hali kadhalika barafu. Ubaridi huwalaza vijidudu tu, hauwaui. Barafu ikitengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, ikiyeyuka ndani ya jagi inarudisha uchafu uleule uliohangaika kuuondoa. Katika sherehe kosa hili hutokea kwa urahisi: maji ya kunywa yamechemshwa vizuri, kisha mtu anakimbia kununua barafu ambayo hakuna ajuaye maji yake yametoka wapi.

Mahitaji kwa watu sita

Maji safi lita 1 na nusu. Ndimu kubwa 6. Majani ya nanaa kiganja kimoja. Sukari vijiko 6 vya mezani, au asali vijiko 4. Chumvi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Sisi wa Katavi tuna bahati ya kupata asali nzuri ya misitu ya miombo, kama ile ya Inyonga.

Namna ya kutengeneza

1. Jioni, chemsha maji yote mpaka yatokote kwa nguvu. Yaache yapoe ndani ya chombo safi chenye mfuniko. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri hata pasipo na friji. Maji yachotwe kwa kata yenye mpini, mkono usiguse maji.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ndimu na nanaa kwa maji safi, hasa kama nanaa yako imeota karibu na bafu au mfereji wa maji machafu.

3. Chukua kikombe kimoja cha maji hayo, kichemshe tena pamoja na sukari. Epua, tia nanaa, funika kwa dakika 10. Njia hii ina faida mbili: harufu ya nanaa hutoka vizuri, na maji ya moto husaidia kuua vijidudu vilivyobaki kwenye majani. Usitwange majani mpaka yakawa uji, maana yataleta uchungu. Ukitumia asali, itie baadaye, maji yakiwa vuguvugu.

4. Chuja, acha yapoe kabisa, kisha changanya na maji yaliyobaki. Tia chumvi.

5. Mwisho kamua ndimu. Usizitie katika maji ya moto, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C. Zivingirishe kwanza mezani kwa kiganja, zitatoa maji mengi. Inywewe siku hiyohiyo.

Glasi moja ya sharubati hii ina sukari kama vijiko 3 vya chai. Chupa moja ya soda nyingi ina vijiko 8 au 9.

Mambo ya kuangalia

Usihifadhi sharubati katika ndoo ya bati wala sufuria ya alumini. Uchachu hula madini ya chombo, na madini ya ndoo ya bati yanaweza kuwatapisha watu. Tumia kioo, plastiki safi au chombo cha enameli kisichobanduka.

Ukimaliza kukamua ndimu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha malengelenge na madoa meusi. Waangalieni watoto wanaochezea maganda.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwani inaweza kuwa na sumu ya hatari kwake. Wenye kisukari waache sukari na asali. Wenye vidonda vya tumbo ndimu huweza kuwachoma.

Tena, sharubati hii si dawa ya kuharisha. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS, pakiti moja katika lita 1 ya maji safi. Kama haipatikani, tia sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Aendelee kunyonya na kula. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au ukiona damu katika choo, mpeleke zahanati mara moja bila kungoja asubuhi.

Nanaa ni rahisi kupanda. Kata shina, liweke katika glasi ya maji hadi litoe mizizi, kisha lipande ndani ya kopo lililotobolewa chini, mahali penye kivuli kidogo. Jirani mmoja wa jumuiya akiwa na kopo moja, wote mtapata mbegu.

Bwana wetu alisema kwamba atakayempa mmoja wa wadogo hawa hata kikombe cha maji baridi hatakosa thawabu yake. Nasi tuhakikishe kwamba kikombe tunachompa ni cha maji salama.