Ramani huvutwa, ardhi haivutwi

Wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie jambo linaloonekana dogo: kukuza mchoro kwenye kompyuta. Mchoro wenyewe si ua la kadi ya harusi. Ni ramani ya kijiji cha Kilosa, wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombea ardhi kwa miaka mingi, na ambako Desemba 2000 watu 38 waliuawa pale Rudewa Mbuyuni. Huko, karatasi inayoonyesha malisho yanaishia wapi na mashamba yanaanzia wapi si pambo la ukutani.

Programu za kuchorea kama CorelDRAW, au Inkscape inayotolewa bure tangu 2003, hazihifadhi mchoro kama kamera inavyohifadhi picha. Zinahifadhi nukta na mistari inayoziunganisha. Ndiyo maana ramani ya ukubwa wa daftari hukuzwa ikajaa ukuta wa ofisi ya kijiji bila kuwa na ukungu. Sifa hiyo ndiyo inayotuponza, maana ramani iliyoharibika nayo huonekana safi vile vile.

Ukiuchagua mchoro, vishikio vinane vinauzunguka. Vya kwenye kona hukuza urefu na upana pamoja. Katika Inkscape sharti ushikilie kitufe cha Ctrl wakati wa kuvuta, la sivyo uwiano unapotea. Vya ubavuni huvuta upande mmoja tu, na ndivyo anavyovikimbilia mchoraji mwenye haraka anayetaka karatasi ijae. Sasa, Mikumi iko kusini mwa Kilosa, karibu wima kabisa, zaidi ya kilometa 60 ukipima moja kwa moja bila kufuata kona za barabara ya Ulaya. Vuta ramani kwa upana hadi iwe mara moja na nusu. Umbali wa miji hiyo kwenye karatasi haubadiliki, lakini kipimo cha kilometa kilichochorwa chini, kwa kuwa kimelala, kimerefuka. Ukikitumia utapata kilometa 40 na ushei. Hizo 20 nyingine kazitafute porini, kwa simba.

Hata ukikuza kwa uwiano, mtego upo. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimeta moja ni mita 500, hivyo sentimeta moja ya mraba ni hekta 25. Ikuze mara mbili, na malisho yale ya hekta 25 yatachukua sentimeta nne za mraba. Maandishi "1:50,000" yatakuwa herufi kubwa tu. Hayajui kujigeuza kuwa 1:25,000. Mjumbe wa halmashauri ya kijiji akiyaamini atahesabu hekta 100, na hakuna aliyefyeka hata kichaka. Kipimo cha kuchorwa, kikiunganishwa kundi moja na ramani kabla ya kukuza, hukua pamoja nayo na kubaki kweli. Kwa hiyo futeni ile namba, bakizeni kipimo.

Lipo pia la kubadili umbo. Mpaka unaofuata mto una nukta nyingi, na programu zina amri ya kuzipunguza ili mstari uwe laini. Mstari unapendeza, lakini kila kona ya mto iliyonyooshwa imehamisha shamba la mtu ng'ambo. Kabla ya kuanza kupamba, funga tabaka lenye mipaka, kisha vuta vichwa vya habari, rangi na picha za tembo kadiri upendavyo.