Sura ya Saba: Mashine Inayofunguka

Anayetaka kununua mashine ya gemu ya zamani kwa kawaida huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama inasoma CD. Ni maswali ya haki, ila yamelipita swali lililopaswa kuyatangulia: siku ikigoma, nani ataifungua? Sura hii inashikilia kwamba swali hilo ndilo linalotenganisha kifaa cha kununua na kifaa cha kuacha dukani. Inashikilia pia kwamba kwa mtu wa Pongwe, ile kata ya Jiji la Tanga iliyo kando ya barabara ya Muheza na Segera (Pongwe ya mashariki ya Unguja ina habari zake), jibu linaelekea kwenye PlayStation 2, hata pale ambapo mfuko unaruhusu kitu kipya zaidi.

Tuanze na wingi wake. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, na haikuacha kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013. Kwa hesabu ya Sony yenyewe ziliuzwa milioni 160 hivi. Mashine iliyotoka kwa wingi namna hiyo, kwa muda mrefu namna hiyo, haifi ikapotea. Inakufa ikageuka vipuri. Iliyoungua bodi inatoa lenzi, iliyokufa lenzi inatoa feni na soketi za pedi, na gamba lililopasuka linapata mwenziwe. Tena mpira wa miguu, ambao ndio unaolisha vibanda vya gemu, uliendelea kuandaliwa kwa mashine hii hadi siku zake za mwisho: FIFA 14 na PES 2014 zote zilitolewa kwa PlayStation 2 mwaka 2013, mwaka uleule ambao PlayStation 4 ilizaliwa. Miaka yote hiyo kibanda kilikuwa na sababu ya kuitunza, na fundi alikuwa na sababu ya kuijua. Ujuzi wa fundi ni kipuri pia, na ndicho kisichoagizwa kutoka Kariakoo.

Sasa tuziangalie zilizofuata. Katika PlayStation 3, bodi ndogo ya kisomeo cha diski imefungwa ndoa na bodi kubwa ya mashine. Ukitoa kisomeo kizima kwenye mashine moja ukakiweka kwenye nyingine, mashine inakikataa, ingawa nyaya zote zimekaa sawasawa na kifaa hakina kasoro. PlayStation 4 ina tabia hiyohiyo. Toleo jembamba la PlayStation 5 lililotoka mwishoni mwa 2023 lina kisomeo kinachochomoka kwa mkono, jambo linaloonekana kama ukarimu, lakini ukikipachika mara ya kwanza mashine inadai intaneti ili kikubaliwe. Fundi wa Pongwe aliyezoea kuchukua hapa akaweka pale anakutana na mlango ambao ufunguo wake uko nje ya nchi. Hapo ndipo ninapoona mpaka halisi kati ya mashine za kununua na za kuacha. Haupiti kwenye mwaka wa kutengenezwa; unapita pale ambapo kutengeneza kunaanza kuhitaji ruhusa.

Ruhusa hiyo ina sura nyingine pia. Huduma ya mtandao ya PlayStation haijafunguliwa rasmi kwa Tanzania, na anayetaka akaunti hujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine. Wengi hufanya hivyo bila kusumbuliwa, lakini Mei 2024 ilionekana jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta ni lazima waunganishe akaunti ya huduma hiyo, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Kampuni ilirudi nyuma kwenye sharti la akaunti baada ya makelele ya wateja, lakini funzo limebaki: mashine ya siku hizi inaweza kuuliza unaishi wapi. Mashine ya mwaka 2002 inauliza diski tu.

Tukishakubaliana hapo, ununuzi wenyewe una mambo yake, na la kwanza liko mgongoni. Geuza mashine usome namba ya modeli inayoanza na SCPH. Tarakimu mbili za mwisho zinasema ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani: 00 ni Japani, 01 ni Marekani ya Kaskazini, 03 ni Uingereza, 04 ni Ulaya bara. Tofauti hii inaanzia kwenye umeme. Wetu ni volti 230, wa Japani ni 100, na mashine kubwa ya Kijapani iliyochomekwa ukutani bila transfoma inaungua ugavi wake wa umeme kabla hujamaliza kukaa. Meli za mitumba kutoka Japani zinaleta vitu vizuri, na zinaleta mtego huu pia. Kuna nafuu kwenye PlayStation 2 nyembamba za mfululizo wa 70000: hizo zinatumia adapta ya nje, kwa hiyo ukibadilisha adapta umemaliza kazi. Mfululizo wa 90000 ulirudisha umeme ndani, na tahadhari inarudi palepale. Kumbuka pia kwamba mashine ya Kijapani, kama haijachakachuliwa, itakataa diski za Ulaya.

Kisha lenzi. Ndani ya kichwa kimoja cha lenzi kuna mianga miwili ya leza, mmoja wa CD na mwingine wa DVD, na mmoja unaweza kufa mwingine ukaendelea kama kawaida. Muuzaji mjanja anajua upande upi umebaki, naye atakuwashia gemu inayokubali. Nenda na diski zako: moja ya CD, ile yenye mgongo wa bluu, na moja ya DVD yenye tabaka mbili, kama God of War II, kwa maana tabaka la pili ndilo linaloshinda lenzi iliyochoka. Cheza nusu saa, maana lenzi dhaifu mara nyingi husoma vizuri ikiwa baridi na kukwama ikipata joto. Mwisho tazama skrubu. Zikiwa zimelika vichwa, mashine imefunguliwa mara nyingi, na huenda mtu ameshazungusha ile skrubu ndogo inayoongeza nguvu ya leza. Ukiizungusha, lenzi iliyochoka inasoma tena, na mwenye mashine anafurahi. Lakini mkondo mkubwa unaimaliza leza haraka zaidi. Ni sawa na kumpa punda mzee mjeledi badala ya majani. Fundi mwema huanza kwa kusafisha lenzi, akapaka grisi mpya kwenye reli zake, na skrubu ile akaiacha iwe ya mwisho.

Pedi ni jambo dogo, na hapa kuna fedha nyingi zinazopotea bure. Pedi ya asili ambayo vitufe vyake vinajibonyeza vyenyewe hutupwa na kununuliwa ya bandia, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni kijipande cha sponji kilicholala chini ya utepe wa saketi. Sponji ikisinyaa, utepe haugusi sawasawa. Kipande cha plasta au cha karatasi ngumu mahali pake kinarudisha pedi kazini.

Katika kutunza, Pongwe ina adui wake maalumu. Ni nchi ya mawe ya chokaa, na ndiyo maana kiwanda cha saruji cha Tanga, chenye saruji ya Simba, kiko hapo. Nchi kama hiyo haikosi vumbi jeupe. PlayStation 2 kubwa hunyonya hewa kwa mbele na kuitoa kwa feni ya nyuma, kwa hiyo kila saa ya mchezo ni saa ya kulivuta vumbi hilo lipite juu ya bodi, likae kwenye lenzi na lizame kwenye grisi ya reli hadi grisi igeuke msasa. Vumbi la kawaida ni uchafu tu. Vumbi la saruji hunywa unyevu, na likishaunywa hushika, na unyevu wa pwani yetu haujawahi kuwa haba, masika wala vuli. Kwa hiyo ile desturi ya kupuliza kwa mdomo, ambayo karibu kila mtu anayo, hapa ni kosa mara mbili: inasukuma vumbi ndani zaidi na inalipa mate. Kitambaa chenye maji ni kibaya zaidi. Anza na brashi laini iliyo kavu. Vumbi likishatoka ndipo pamba yenye spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, ipite kwenye lenzi kwa wepesi, kwa kuwa lenzi ni ya plastiki na imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Mashine ikae juu ya meza, isikae sakafuni. Ikizimwa na kupoa ifunikwe kanga, kwa sababu mfuko wa plastiki unafungia unyevu ndani. Na iwashwe mara kwa mara: joto lake lenyewe linaikausha, wakati ile iliyofungiwa kabatini miezi sita hutoka na kutu ya kijani kwenye soketi za pedi na memori kadi.

Umeme nao. Kukatika hakuiumizi mashine kama kurudi kwake kwa kishindo, kwa hiyo TANESCO wakikata, chomoa, usubiri utulie. Kukatika katikati ya kuhifadhi mchezo ndiko kunakoua memori kadi, na megabaiti 8 za msimu mzima wa ligi zikaenda.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni la simu. Kijana atasema: programu ya PPSSPP, iliyoanza 2012, inanichezea gemu za PSP kwenye simu niliyo nayo tayari, kwa nini nihangaike na lenzi na vumbi? Kwa gemu za PSP, na kwa mtu anayecheza peke yake, ana haki kabisa, asinunue kitu. Gemu za PlayStation 2 zenyewe zinataka simu yenye nguvu, na AetherSX2, iliyotoka 2021 na kuwafungulia watu wa Android njia hiyo, mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza Januari 2023. Tena simu ni ya mmoja. Mashine yenye soketi mbili za pedi ni ya watu wawili wanaotaniana bega kwa bega, na wengine watatu wanaosubiri zamu.

Wengine husema tunajinunulia takataka za Ulaya na Uarabuni. Kuna ukweli ndani yake: mashine isiyotengenezeka ni taka ya hatari, na kioo cha televisheni ya chogo kina risasi ambayo haifai kuzikwa shambani. Lakini takataka haizaliwi takataka. Mwaka 2000 bei ya tantali, madini yanayotokana na koltani, ilipaa duniani kwa sababu ya mahitaji ya simu, kompyuta na mashine za gemu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti Aprili 2001 jinsi koltani ya mashariki ya Kongo ilivyokuwa ikiporwa vitani. Majirani zetu walishailipia gharama ile. Kuiongezea mashine iliyokwisha kutengenezwa miaka kumi ya uhai hakuchimbi shimo jipya Kivu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba lenzi zitaisha. Zitaisha kweli, na zile mpya za kuiga ni za bahati nasibu. Ndiyo sababu wenye PlayStation 2 kubwa hupachika diski kuu nyuma yake, na tangu 2008 kuna Free McBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi na kuiwezesha mashine kufungua gemu bila diski. Matoleo ya mwisho ya mfululizo wa 90000 huikataa. Flashi inafanya kazi pia, ila njia ya USB ya mashine hii ni ya kizamani, na video zitakwamakwama. Hapo panaibuka suala la hakimiliki. Sheria yetu ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kunakili na kuuza kazi asiyoimiliki, na sitajifanya kwamba CD nyingi zilizoko vibandani zimetoka kwa wenyewe. Nakala ya diski uliyoinunua ni jambo jingine, na wenye mali wenyewe wameyaacha maduka matupu: uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena madukani. Anayetaka kulipa kihalali mara nyingi hana wa kumlipa.

Ukiwa umeamua, basi, usianze kwa muuzaji. Mfululizo mmoja wa PlayStation 2 mara nyingi hautumii lenzi ya mwingine, na fundi wa karibu nawe ana akiba ya baadhi tu. Pita kwake kwanza, muulize amebakiwa na lenzi za modeli zipi, kisha uende ukatafute mashine hiyo.