Kabla Vigae Havijafunika Bomba: Mambo ya Kukagua Bafuni kwa Afya ya Mtoto

Unapokarabati bafu, macho huenda kwanza kwenye vigae, sinki jipya na rangi ya ukuta. Lakini mambo yanayogusa zaidi afya ya mtoto wako hayaonekani kazi ikishaisha. Yamo ndani ya ukuta na chini ya sakafu. Likitokea kosa huko, kulirekebisha baadaye ni kuvunja vigae na kulipa fundi mara ya pili. Ndiyo maana wakati wa kukagua ni kabla bomba halijafunikwa.

Huhitaji kuwa fundi. Kumbuka jambo moja tu: maji safi yanayoingia na maji machafu yanayotoka yasikutane mahali popote.

Maji machafu huingiaje kwenye bomba la maji safi?

Wazazi wengi hudhani bomba linalovuja hupoteza maji tu. Ni kweli wakati maji yanapotoka kwa nguvu, kwa sababu nguvu hiyo huyasukuma nje kupitia ufa. Maji yanapokatika, nguvu hiyo huisha na bomba linaweza kugeuka likaanza kunyonya. Kama pembeni ya ufa kuna tope au maji ya choo, uchafu huo huvutwa ndani. Maji yakirudi, yanaufikisha kwenye koki, kwenye ndoo na kwenye kikombe cha mtoto.

Kwa hiyo familia inayoishi na mgao wa maji ina sababu kubwa zaidi ya kuwa makini. Vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kwa njia hii, na mtoto mdogo ndiye anayeumia haraka, kwa kuwa mwili wake huishiwa maji upesi.

Kagua haya kabla ukuta haujafungwa

- Njia za bomba. Bomba la maji safi na la maji machafu yasilazwe pamoja kwenye mtaro mmoja. Yakilazimika kupishana, la maji safi lipite juu.
- Maungio. Mwombe fundi ajaze maji, afunge koki zote na aache hivyo kwa saa kadhaa. Kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kazi haijaisha. Kama una mita, andika namba zake koki zote zikiwa zimefungwa, na uangalie tena baada ya saa moja. Zikisogea, kuna mahali panapovuja.
- Bomba la zamani. Kipande kisichotumika kikatwe na kuzibwa kabisa. Maji yaliyotuama ndani yake huzalisha vijidudu.
- Mpira wa kutawadhia. Uwe na ndoano ukutani. Ukilala ndani ya choo au ndoo ya maji machafu na maji yakakatika, unaweza kuyanyonya kurudi kwenye bomba.
- Mteremko wa sakafu. Mwaga maji kidogo uone kama yote yanaelekea kwenye tundu la kutolea maji. Yanayotuama huleta utelezi, na mtoto anayetambaa atayachezea.

Piga picha za kuta zikiwa wazi. Siku bomba likivuja utajua pa kuchimba.

Harufu ya choo si jambo la kuzoea

Chini ya sinki, na chini ya tundu la sakafuni, kuna kona iliyopinda ambayo mafundi huiita trapu. Kazi yake ni kubaki na maji kidogo wakati wote. Maji hayo ni kizuizi kinachozuia hewa ya shimo la choo isipande ndani ya nyumba. Fundi asipoiweka, au maji yake yakikauka, njia inabaki wazi kwa harufu, mende na zaidi ya hapo.

Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa SARS, zaidi ya watu 300 waliambukizwa katika majengo ya makazi ya Amoy Gardens, Hong Kong. Wachunguzi walitaja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa moja ya njia ambazo huenda zilipitisha virusi, kwa kuwa feni za bafuni zilivuta hewa ya bomba la maji machafu hadi ndani ya vyumba.

Nyumbani kwako kinga yake ni rahisi. Hakikisha kila tundu lina trapu, na bomba la kutolea hewa limepanda hadi juu ya paa. Tundu lisilotumika mara kwa mara limwagie maji kila wiki.

Wakati kazi inaendelea

Siku hizi ndizo ajali hutokea, kwa sababu nyumba imevurugika na kila mtu ana shughuli.

Maji yakifungwa, familia hujaza ndoo na mapipa. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu ndani ya ndoo, kimya kimya, bila kupiga kelele. Funika kila chombo kwa kifuniko kinachobana, na umwage maji usiyoyahitaji. Shimo la choo au chemba iliyofunguliwa ifunikwe kwa kitu kizito kila fundi anapoondoka, hata kama anakwenda kula tu.

Gundi ya bomba na dawa ya kuzibua bomba zikae juu, zimefungwa, katika vyombo vyake vyenyewe. Usiziweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe. Gundi hiyo ina mvuke mkali, hivyo madirisha yawe wazi, na watoto na mjamzito wakae mbali.

Siku maji yanapofunguliwa

Bomba jipya huwa na vumbi, mabaki ya plastiki na gundi. Fungua koki zote, moja baada ya nyingine, maji yatoke hadi yawe meupe na yasiwe na harufu. Vua vichujio vidogo mdomoni mwa koki uvisafishe. Maji hayo yakinge kwa kudekia. Kama tangi nalo liliguswa, lisafishwe na kutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo cha dawa. Maji ya kunywa endelea kuyachemsha.

Kuna kitu kimoja ambacho kuchemsha hakukiondoi: madini ya risasi. Huweza kutoka kwenye bomba za zamani, lehemu na baadhi ya koki za shaba nyeupe au ya njano. Huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Unaponunua vifaa, ulizia vilivyothibitishwa kwa maji ya kunywa. Asubuhi acha maji yaliyolala kwenye bomba yatoke kwanza. Maji ya uji na ya maziwa ya mtoto yachukue kwenye koki ya baridi, kwa sababu maji ya moto huyeyusha risasi kwa urahisi zaidi.

Kama mnaweka hita, kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto vibaya ndani ya sekunde chache. Mwulize fundi kuhusu valvu ya kuchanganya maji. Kwenye beseni tia maji ya baridi kwanza, kisha ya moto, na uyapime kwa kiwiko. Hita ya umeme iunganishwe na fundi umeme, ikiwa na waya wa ethi.

Mtoto akianza kuhara

Anza kumpa ORS mapema, na endelea kumnyonyesha na kumlisha. Muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ukiona:

- macho yamebonyea, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea
- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu
- damu kwenye kinyesi
- amelegea, au ni vigumu kumwamsha

Mweleze mhudumu kwamba bomba za nyumbani zimebadilishwa karibuni. Wakiharisha watu wawili au zaidi katika nyumba moja, acheni kutumia maji hayo kwa kunywa na kupikia mpaka bomba zikaguliwe. Usione haya kumwita fundi arudi. Mwambie mtoto ameugua, na umtake akague kila kiungo upya.