Ukidanganywa Njiani, Utamwambia Nani?

Wiki hii tunaongea juu ya jambo lililowapata wengi wetu, ila wachache tu ndio wamelisema: kudanganywa tukiwa safarini, na kisha kurudi nyumbani kimya, kama vile sisi ndio tuliokosa.

Tukisikia neno "mtalii", tunamwona mzungu mwenye kofia na mashine ya kupiga picha. Lakini msafiri wa kila siku wa huku kwetu ni mama mwenye mtoto mgongoni na pesa zilizofungwa katika pindo la kikwembe. Anavuka Kavimvira kwenda Bujumbura kumpeleka mgonjwa hospitali, au kununua bidhaa, au kuhudhuria arusi ya ndugu. Mwingine anashuka Kalundu kutafuta mtumbwi wa Baraka au Kalemie. Mzungu yule na mama huyu wanafanana kwa mambo matatu: hawajui bei ya mahali, wana haraka, na hawajui wamuulize nani. Mdanganyifu anatafuta mambo hayo matatu tu. Rangi ya ngozi haimhusu.

Na jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Mkubwa aliyewapatia mitumbwi hiyo, Kannena, aliwatoza bei ambayo Burton aliilalamikia kwa uchungu katika maandishi yake. Mgeni mwenye haraka, ziwa mbele yake, na mwenye mtumbwi ni mmoja: bei ikapanda. Burton hakuwa na mahali pa kushitaki. Sisi leo tunapo, hata kama mlango wake ni mzito kufungua.

HILA TUNAZOZIONA MARA NYINGI

Ya kwanza ni ya "msaidizi". Unashuka kwenye pikipiki karibu na mpaka, na kijana mwenye maneno matamu anakuambia: "Mama, leta karatasi zako, mimi ninafanya kazi na wakubwa pale ndani, utapita bila kupanga mstari." Anachukua kitambulisho chako na pesa. Mara nyingine anarudi na kuomba nyingine, kwa sababu "shefu amekataa". Mara nyingine harudi kabisa.

Wamama, tujue hili vizuri. Dekreti ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu za serikali zenye haki ya kufanya kazi kwenye mipaka ya Congo: duane, ambayo leo ni DGDA, uhamiaji, yaani DGM, OCC, inayochunguza bidhaa, na idara ya usafi na afya. Mtu asiye wa idara hizo hana haki ya kukutoza. Na wa idara hizo akikutoza, anapaswa kukupa karatasi ya malipo. Malipo yasiyo na karatasi ni malipo yasiyojulikana yanakoenda.

Wengine wanatumia jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia humo tarehe 8 Aprili 2022, na Burundi ilikuwa ndani tangu 2007. Lakini mtu akikuuzia barabarani "kadi ya Jumuiya", jiulize kwa nini haiuzwi ofisini.

Hila ya pili ni ya kubadili pesa. Noti zinahesabiwa haraka mbele yako, kisha zinakunjwa, na ukifungua mbele ya duka unakuta zimepungua. Au unapewa noti ambazo hazitumiki tena. Mnakumbuka tarehe 7 Juni 2023, Benki Kuu ya Burundi ilipotangaza kwamba noti za franga 5.000 na 10.000 za mwaka 2018 zinaondolewa, na ikatoa siku 10 tu za kuzirudisha. Mama aliyekuwa kijijini bila redio, akapewa noti hizo baada ya siku kumi, alipokea karatasi tupu. Basi kabla ya kuvuka, uliza mtu wa ng'ambo unayemwamini ni noti zipi zinatumika na bei ya siku hiyo ni gani. Hesabu mwenyewe, polepole, na usiondoke hapo kabla ya kumaliza, hata yule mtu akikuambia polisi wanakuja.

Hila ya tatu ni ya tiketi na mizigo. Mtu anakaa karibu na bandari na daftari mkononi, anaandika jina lako, anapokea pesa ya nafasi katika mtumbwi unaoondoka "saa kumi na moja alfajiri". Alfajiri hakuna mtumbwi, hakuna daftari. Siku hizi anaweza pia kuomba umtumie pesa kwa simu. Hapo kuna uzuri mmoja ambao yeye anausahau: simu inaacha alama. Ujumbe wa kutuma pesa una tarehe, saa, namba, na mara nyingi jina. Usiufute.

KWA NINI HATUENDI POLISI

Tuliuliza swali hili katika mkutano wetu, na majibu yakawa matatu. Wa kwanza akasema: "Nitalipa mara mbili, kwanza mwizi, kisha polisi." Wa pili akasema: "Bwana wangu atajua nilipoteza pesa." Wa tatu akasema: "Wataniuliza kwa nini nilikuwa mjinga."

Hatutaki kuyadharau majibu haya. Mwenzetu mmoja alipoteza pesa ya likelemba, mtaji ambao wamama kumi na wawili walikuwa wanaungoja. Mtu aliyevaa jaketi kama la kazi alijiita wakala, akapokea pesa ya kupitisha mzigo, akatoweka. Mama huyo alikwenda peke yake kwenye posta moja ya polisi, akilia. Akaombwa kwanza pesa ya karatasi na ya kalamu. Hakuwa nayo, akarudi nyumbani, na usiku ule hakula.

Kesho yake wenzake wawili walimpeleka tena. Safari hii walikuwa na daftari. Waliandika saa, mahali, maneno ya yule mtu, rangi ya jaketi lake, namba ya simu iliyopokea pesa, na jina la dereva wa pikipiki aliyeona. Hawakupiga kelele. Waliomba kwa heshima malalamiko yaandikwe, na wakangoja mpaka yakaandikwa. Yule mtu alipatikana kwa sababu ya namba ile ya simu. Nusu ya pesa ilirudi. Nusu nyingine haijarudi mpaka leo, na wamama kumi na wawili waligawana hasara hiyo.

Nusu si yote. Lakini siku ya kwanza alirudi nyumbani na sifuri. Mama alikuwa yuleyule, hasara ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakuwa peke yake, na alikuwa na kitu mkononi.

POLISI WANAWEZA NINI, NA HAWAWEZI NINI

Wengi wetu tunavunjika moyo kwa sababu tunaomba polisi kazi isiyo yao. Tuipange vizuri.

Kumpokonya mtu mali kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila, sheria yetu ya makosa ya mwaka 1940 inaliita kosa, katika kifungu cha 98. Adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano na faini, au moja ya hizo peke yake. Kwa hiyo ukidanganywa na wakala wa uongo, hukwenda polisi kuomba huruma. Unakwenda kutangaza kosa.

Lakini ukimkopesha mtu pesa kwa hiari yako na akachelewa kulipa, hilo ni deni. Deni si kazi ya kumfunga mtu. Tukichanganya mambo haya mawili, tunapoteza wakati, na wengine wetu tumeshawahi kumfungisha jirani kwa deni, kisha tukalipa gharama kuliko deni lenyewe.

Anayepokea malalamiko yako ni afisa wa upelelezi, yule tunayemwita OPJ. Anakuuliza, anaandika maneno yako katika PV, na wewe unatia sahihi. Kupeleka malalamiko hakuna bei. Kama hujui kusoma, omba usomewe PV yote kabla ya kutia sahihi au kidole, na kama kuna neno ambalo hukulisema, omba lisahihishwe. Uliza namba ya faili na jina la afisa, uandike. Mtu aliyekamatwa, Katiba yetu katika kifungu cha 18 inasema asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Kisha afunguliwe au apelekwe mbele ya parke. Ndiyo sababu unaweza kumwona mshitakiwa sokoni baada ya siku mbili. Si lazima iwe amehonga. Kwa hiyo usiishie polisi: fuata faili parke, hapa Uvira, kwa ile namba uliyoandika.

Polisi si korti. Hawana mamlaka ya kuamua ulipwe kiasi gani cha fidia. Wakikusaidia mkapatana na pesa ikarudi, ni vizuri, iandikwe. Wasipofaulu, korti ndiyo itakayoamua.

Na kama umedanganywa ng'ambo, Gatumba au Bujumbura, polisi wa Uvira hawawezi kuvuka kwenda kumkamata mtu huko. Malalamiko yanapelekwa kwa polisi wa Burundi, siku ileile, kabla hujarudi. Ukiwa umepoteza pia kitambulisho, nenda kwenye ubalozi wetu Bujumbura ukiwa na ile karatasi ya polisi. Bila karatasi hiyo, maneno yako yatasikika kama hadithi tu.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE

Katika mkutano tulipatana mambo haya, na tunaomba kila kikundi kiyazungumze.

Mama asisafiri peke yake na pesa ya kikundi. Waende wawili, na pesa igawanywe mara mbili.

Kabla ya safari, katibu wa kikundi aandike katika daftari: nani anakwenda, wapi, na kiasi gani, na namba za noti kubwa za dola. Dakika kumi tu zinatosha.

Kila mama awe na namba tatu zilizoandikwa kwenye karatasi, si katika simu peke yake, maana simu ndiyo inayoibiwa kwanza: namba ya nyumbani, ya kiongozi wa kikundi, na ya mtu mmoja wa kule anakokwenda.

Akidanganywa, aseme siku hiyohiyo. Baada ya wiki, dereva amesahau, jaketi limebadilishwa, namba ya simu imetupwa.

Aende na shahidi, na aseme kwa utulivu, kwa mfano: "Jambo shefu. Nimekuja kutoa malalamiko. Leo saa nne asubuhi, karibu na mpaka, mtu aliyejiita wakala amechukua pesa yangu na hajarudi. Huyu mwenzangu aliona. Namba yake ya simu ni hii. Ninaomba PV." Maneno hayo machache yanafaa kuliko saa nzima ya machozi. Wamama wasiozoea kuongea mbele ya wakubwa wayajaribu kwanza katika kikundi. Tuliyajaribu sisi, tukacheka sana, lakini mama mmoja ambaye hajawahi kusimama mbele ya afisa aliyasema mara tatu, na mara ya tatu sauti haikutetemeka.

Na bwana nyumbani? Tunawaomba wababa wanaosoma gazeti hili baada yetu wasikie pia. Mama aliyedanganywa akijua kwamba atapigwa au kutukanwa, atanyamaza, na mdanganyifu atabaki palepale kumngoja dada yako kesho. Hofu ya nyumbani ndiyo inayomlinda.

Neno la mwisho ni juu ya wageni wetu. Kila siku wanashuka hapa watu wa Kalemie, wa Bukavu, wa Burundi, na mara mojamoja mzungu wa shirika fulani. Wakiibiwa katika mji wetu, jina linalochafuka ni Uvira. Ukimwona mgeni amesimama anageuka huku na huku, na kijana ameshamshika mkoba, usipite. Msalimie kwa sauti. Muulize anakwenda wapi. Mwambie bei ya kweli ya pikipiki. Akiwa ameshadanganywa, mpeleke polisi na ukae naye, kwa sababu yeye hana shahidi ila wewe.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kilete daftari lake la safari. Wasio nalo, tutaligawanya moja kubwa la kurasa mia, kila kikundi kurasa zake.