Kabla ya Kulipia Ziara ya Nchi Kavu

Nauli ya meli ya kitalii kwa kawaida haijumuishi ziara za bandarini. Hizo huuzwa kando, na kila moja ina masharti yake. Katika sehemu hii tunaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kulipa. Mfano wetu ni bandari ya Cobh, kusini mwa Ireland, ambako abiria wengi huchagua kwenda kuiona Ngome ya Blarney na mashamba ya jirani.

Soma tangazo neno kwa neno. “Kutembelea” si sawa na “kupita”. Basi linalopita kati ya malisho na vijiji huenda lisisimame hata mara moja. Vilevile, ziara ya saa nne huhesabu muda wa barabarani. Uliza utakaa ngomeni kwa muda gani. Mnara wa Blarney, uliojengwa mwaka 1446, hupandwa kwa ngazi nyembamba za mawe zenye kuzunguka, wala hauna lifti. Jiwe mashuhuri, linalosemekana kumpa ufasaha wa kusema kila alibusuye, liko juu kabisa, na muda mfupi waweza kuishia kwenye foleni. Uliza pia kama kiingilio na chakula vimo katika bei.

Jua nani atabeba hasara ya kuchelewa. Ziara ikiuzwa na kampuni ya meli yenyewe, kwa kawaida meli husubiri basi lililochelewa, au kampuni huwafikisha abiria wake katika bandari inayofuata. Aliyejipangia safari anaweza kupanda treni kutoka Cobh hadi jiji la Cork, kisha basi hadi Blarney, na huenda akatumia fedha kidogo zaidi. Lakini meli haina wajibu wa kumsubiri. Akiachwa, nauli ya kuifuata ni juu yake. Tunashauri ajipangie kurudi angalau saa mbili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda, akifuata saa iliyotangazwa melini.

Hakikisha unaruhusiwa kushuka. Ireland haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Schengen peke yake si kibali cha kuingia huko. Thibitisha suala la viza kwanza, ndipo ulipe.

Uliza kuhusu marejesho. Dhoruba yaweza kuizuia meli kutia nanga. Pata jibu la maandishi: je, fedha zitarudishwa, na mwisho wa kughairi ni lini?

Hifadhi risiti pamoja na nakala ya tangazo. Ukipewa pungufu ya ulicholipia, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa aliyekuuzia, kabla safari haijakwisha. Dai lenye ushahidi ni gumu kupuuzwa.